Kaskazi hii tumezika sana, na kwenye karatasi hakuna aliyekufa kwa joto

#1 MshikaDaftari

Assalaam aleikum, na habari za jioni kwa wengine wote. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Mimi ni katibu wa chama cha maziko mtaani kwetu, huku Majengo. Si kazi ya mshahara. Mtu akifariki napigiwa simu, nafungua daftari: jina, umri, nyumba gani, amekufa saa ngapi, nani anaosha, anazikwa Kikowani au Sarigoi au kwingine, sanda imelipwa au ni ya chama. Daftari hili nalishika mwaka wa kumi na moja sasa. Kabla yangu alilishika mzee mmoja, Mungu amrehemu, aliyeandika kwa herufi za Kiarabu, mpaka leo kuna kurasa zinanishinda kusoma.

Mwezi wa pili alifariki bibi mmoja jirani yetu, muuza mkate wa kumimina. Chumba chake ni cha uani, bati tupu bila dari, na dirisha linatazamana na ukuta wa nyumba ya pili. Stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi. Mjukuu alirudi skuli saa tisa akamkuta amelala sakafuni, kanga imelowa chapa. Sakafu ndiyo iliyokuwa na ubaridi kidogo, naona alishuka kitandani kuufuata. Mama waliomwosha walisema mwili ulikuwa bado moto kama wa mtu mwenye homa.

Karatasi ikaandikwa: presha. Na ni kweli alikuwa na presha. Alikuwa nayo tangu mimi sijaoa. Sasa nauliza, presha hiyo ilimngoja miaka yote mpaka adhuhuri ile ya stima kupotea?

Wiki hiyo simu ililia mara nne, na kwetu wiki nyingi hupita kimya. Wote watu wazima, na sababu ni zile zile: presha, moyo, sukari, "alikuwa mgonjwa". Mimi si daktari, kwa hiyo sisemi ni joto. Nasema hakuna hata mmoja aliyeuliza kama ni joto, na nataka kujua ni kazi ya nani kuuliza.

#2 Mbishi_wa_Likoni

Shekhe, pole na misiba. Lakini hari ya Mombasa tumezaliwa nayo. Mwezi wa pili na wa tatu kaskazi ikianza kulegea, huku kusi haijaingia, kila mwaka tunatoka jasho mpaka kwenye kope. Wazee hufa, ndiyo ada ya dunia. Tukianza kuandika "amekufa kwa joto", mwakani tutaandika amekufa kwa mvua.

Isitoshe simu nne kwa wiki si hoja. Nne zinaweza kuwa nne tu.

#3 MamaTuktuk

Mbishi wewe una AC ofisini, nyamaza kidogo 😂

#4 Mbishi_wa_Likoni

Naendesha matatu ya Likoni hadi feri, dada. AC yangu ni dirisha.

#5 NesiWaZamu

Niko zamu ya usiku, kumetulia, acha nieleze ninachokijua.

Mwili hujipoza kwa njia mbili kubwa. Moyo husukuma damu nyingi zaidi kwenye ngozi, na ngozi hutoa jasho ambalo likikauka huondoka na joto. Sasa Mombasa jasho halikauki. Hewa imeshiba maji ya bahari, jasho linatiririka tu mpaka kisiginoni na mtu hajapoa. Ndiyo maana nyuzi 33 za hapa haziwezi kufananishwa na nyuzi 33 za Garissa. Moyo nao unaendelea kusukuma, unasukuma, unasukuma. Kijana ataamka kesho amechoka. Mzee ambaye moyo wake ulikuwa umebakiwa na akiba ndogo, ile akiba ndiyo inayoliwa.

Na usiku ni mbaya kuliko watu wanavyodhani. Bati likishika moto mchana kutwa, chumba hakipoi kabla ya alfajiri, kwa hiyo moyo haupati hata saa chache za kupumzika. Siku ya kwanza mtu huvumilia. Ya tatu ndiyo huangusha.

Ongeza dawa. Baadhi ya dawa za presha ni za kutoa maji mwilini, mgonjwa anakwenda msalani mara kumi, na kwenye joto anakauka upesi. Kuna dawa za wagonjwa wa akili ambazo hupunguza uwezo wa mwili kujipoza. Tunawapa watu hizi dawa mwezi wa sita na mwezi wa tatu kwa kipimo kile kile, na mara nyingi hatuwaambii neno.

Huku kwetu watu husema "amepigwa na jua", kwa hiyo wanamtafuta mtu aliyekuwa juani. Bibi wa Mshika Daftari hakuwa juani hata dakika moja. Mwili ukifika nyuzi 40 na mtu akaanza kuweweseka au kupoteza fahamu, hiyo ni dharura, awe barabarani au awe kitandani kwake chini ya bati.

Kuhusu karatasi: vitabu vya kuainisha magonjwa tunavyotumia vina nafasi yake. Kwenye ICD-10 kuna X30, mtu aliyedhurika na joto kali la asili, na kuna T67, madhara yenyewe ya joto mwilini. Miaka yangu yote wodini sijaona mtu akiandika X30. Daktari anaandika alichokiona: moyo umesimama, figo zimefeli, kiharusi. Hasemi uongo. Ila mgonjwa akifika kwetu amekwisha kumwagiwa maji na jirani, amepakiwa kwenye tuktuk na upepo umempuliza njia nzima, nikimpima nakuta nyuzi 38 na nusu. Ushahidi umepotelea njiani.

#6 DadakeChifu

Na hao ni waliofika hospitali. Ndugu yangu ni naibu chifu (sitaji wapi), nimemuona akijaza fomu mezani kwetu mara nyingi.

Ukifia hospitali inajazwa D1, na hapo kuna mtu wa afya. Ukifia nyumbani ni D2, na hiyo anajaza naibu chifu. Kwenye sababu ya kifo anauliza jamaa: "Alikuwa anaumwa nini?" Jamaa wanasema presha, anaandika presha. Wakisema tumbo, anaandika tumbo. Siku moja walisema "kazi ya Mungu", akakaa na kalamu hewani, mwishowe akaandika uzee. Watu wana maiti ndani, jua linapanda, wanataka kibali cha kuzikia wazike kabla ya alasiri. Nani ataanza kuuliza chumba kilikuwa na joto kiasi gani?

Simlaumu ndugu yangu. Fomu yenyewe haina swali hilo.

#7 MshikaDaftari

Hapo umenigusa. Sisi tunazika upesi na ni sunna, siombi maiti zicheleweshwe wala zipasuliwe. Lakini kama hospitali haioni, na chifu haoni, wale wenzetu wa nje wanaotangaza "joto limeua watu kadhaa" huwa wanajuaje? Kwao kila maiti hupimwa homa?

#8 KaraniMstaafu

Hawapimi kila maiti. Nilifanya kazi ya takwimu miaka mingi, nikistaafu nikabaki na ugonjwa wa kusoma ripoti. Nipe nafasi.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kumchunguza marehemu mmoja mmoja. Ya pili ni kutomtazama marehemu yeyote, ukahesabu wote.

Anza na Chicago, Julai 1995. Joto lilifika kama nyuzi 41, unyevu mwingi, usiku hakupoi. Maiti zilijaa mochari hata malori ya friji yakapangwa nje. Mkuu wa uchunguzi wa maiti, Edmund Donoghue, akaanza kutangaza idadi ya waliouawa na joto. Meya wa mji, Richard Daley, akahoji hadharani hesabu zake: kila anayekufa kiangazi amekufa kwa joto? (Mbishi, una mwenzako, na alikuwa mtu mkubwa.) Donoghue alikuwa na kanuni: ama mwili umepimwa ukakutwa na nyuzi 40 na nusu au zaidi, ama mazingira yanasema, chumba kimefungwa, kina moto, hakuna feni, ama mtu alionekana mzima mara ya mwisho wakati wa joto, akakutwa baadaye ameharibika na hakuna sababu nyingine. Tazama hiyo ya pili. Hakutaka kipimajoto peke yake, alitazama na chumba.

Baadaye watu wakaja na njia ya pili. Wakachukua vifo vyote vya wiki ile, vya sababu yoyote, wakalinganisha na wiki kama hiyo siku za kawaida. Vilizidi kwa 739. Yaani idadi aliyosutwa nayo Donoghue kwamba ni kubwa mno, ilikuwa ndogo.

Hivyo ndivyo vinavyoitwa vifo vya ziada. Hujali karatasi imeandika presha au moyo au kazi ya Mungu. Unauliza tu: wiki kama hii kwa kawaida tunazika wangapi, na safari hii tumezika wangapi?

Ufaransa ilijifunza hilo kwa uchungu Agosti 2003. Wa kwanza kupiga kelele alikuwa daktari wa dharura, Patrick Pelloux, kwenye televisheni, huku wizara ikisema hali inadhibitika. Maiti zikakosa pa kuwekwa, zikahifadhiwa kwenye ghala la baridi huko Rungis, soko kubwa la vyakula nje ya Paris. Hesabu ilipopigwa, kati ya tarehe 1 na 20 ya mwezi ule vilizidi vifo karibu 15,000 juu ya wastani wa miaka mitatu iliyotangulia. Mkurugenzi mkuu wa afya, Lucien Abenhaim, alijiuzulu. Wizara haikuwa na kitu cha kuiambia leo kwamba jana wamekufa wengi. Mwaka uliofuata wakaanza kukusanya taarifa za vyumba vya dharura kila siku, na Uhispania nayo ikaanzisha mfumo wake unaoitwa MoMo, unaolinganisha vifo vya kila siku vilivyosajiliwa na vile vilivyotarajiwa.

Mtasema hao ni Wazungu wana kompyuta. Ahmedabad ya India je? (Wamombasa wenye asili ya Gujarat mnaujua.) Mei 2010 joto lilifika 46.8. Watafiti wakaenda kwenye rejista ya vifo ya manispaa, ile ile ya kawaida ya karani, wakahesabu Mei ya 2010 dhidi ya Mei ya 2009 na ya 2011. Vilizidi 1,344. Hawakuhitaji daktari aandike "joto" hata mara moja. Kwa hesabu hiyo mji ukatengeneza mpango wake wa joto mwaka 2013, na miji mingine ya India ikaiga.

Tukaribie nyumbani zaidi. Bamako, mji mkuu wa Mali, Aprili 2024. Hospitali ya Gabriel Touré ilitangaza vifo 102 katika siku nne za kwanza za mwezi. Aprili nzima ya mwaka uliotangulia walikuwa na 130. Ilikuwa Ramadhani, umeme unakatika ovyo, na zaidi ya nusu ya marehemu walikuwa wamepita miaka 60. Ukishatiwa hizo namba mbili mkononi huhitaji profesa.

#9 Mbishi_wa_Likoni

Nakubali hesabu ni nzuri, sikubali tafsiri. Hao wazee wa Paris na Bamako si ndio wale wale ambao wangekufa mwezi ujao? Joto limewasogeza mbele tu. Embe lililoiva likiangushwa na upepo, huwezi kusema upepo umeua mwembe.

#10 KaraniMstaafu

Swali zuri kuliko unavyofikiri, wenye fani wanalibishania kweli. Lina namna ya kujibiwa: kama ni maembe mabivu tu, basi miezi inayofuata vifo vitapungua, maana waliokuwa wafe wamekwisha kufa. Ufaransa walingoja. Upungufu wa kulingana na wale 15,000 haukuonekana. Wengi walikuwa na miaka yao mbele.

#11 HamaliWaMarikiti

Nyinyi mnasema wazee tu. Mimi nasukuma mkokoteni, kutoka Marikiti hadi Mwembe Tayari, siku nyingine Kongowea nikipata mzigo. Mwaka juzi mwenzetu, kijana, alianguka saa saba mchana na magunia ya viazi nyuma yake. Kabla ya kuanguka alikuwa anatukana watu hovyo na si tabia yake. Tukadhani kalewa, tena tukamcheka. Kumbe ndiko kuweweseka huko anakosema nesi.

Alifia njiani. Ripoti ikasema moyo. Maiti ikasafirishwa bara, akazikwa kwao. Kwenye daftari la Mshika Daftari hayumo, hakuwa Mwislamu na hakuzikwa hapa. Sisi wenzake hatukujua hata aandikwe wapi.

#12 MshikaDaftari

Allah. Poleni sana.

Na umenifumbua. Daftari langu ni la jicho moja. Linaona Waislamu wa mtaa mmoja. Mmijikenda akifa Bangladesh pale Jomvu anarudishwa Kaloleni au Kinango. Mkamba anakwenda Makueni. Mbaraki wanazikwa Wakristo wachache tu. Ukihesabu makaburi ya Mombasa utadhani hapa wanakufa Waislamu peke yao.

#13 MsomiWaMtwapa

Kuhesabu makaburi kumewahi kusaidia lakini. Mogadishu wakati wa korona watafiti walitumia picha za setilaiti kuona makaburi yanavyoongezeka, wakakisia vifo ambavyo serikali haikuviona. Ila ni kweli kwa mji wa wahamiaji kama wetu kaburi linadanganya. Kinachotakiwa ni mahali mtu alipofia, na hicho D1 na D2 zinacho. Sheria inadai kifo kisajiliwe ndani ya miezi sita. Kwa urithi na pensheni miezi sita inatosha. Kwa joto ni sawa na kupiga king'ora cha moto baada ya nyumba kupakwa rangi upya.

Mnajua tuna mfano mzuri wa kuhesabu watu kilomita hamsini hivi kutoka hapa? Kilifi. Tangu mwaka 2000 watafiti wa KEMRI na Wellcome wanafuatilia eneo zima, watu zaidi ya robo milioni, wanapita nyumba kwa nyumba mara kadhaa kwa mwaka: nani kazaliwa, nani kahama, nani kafa. Na aliyefia nyumbani, jamaa zake huhojiwa kwa utaratibu maalumu, dalili moja baada ya nyingine, ili sababu ya kifo ikisiwe hata bila daktari kumuona. Nairobi nako Korogocho na Viwandani kumefuatiliwa namna hiyo, na kutokana na hizo hesabu watafiti wakaweza kulinganisha vifo na hali ya hewa ya siku. Mombasa, mji wa watu 1,208,333 kwa sensa ya 2019, uko katikati ya haya yote hauna kitu cha aina hiyo.

Jambo jingine lililonikera nilipolisoma. Kuna hifadhi kubwa ya kumbukumbu za majanga duniani, EM-DAT. Mwaka 2020 watafiti wawili, Harrington na Otto, waliichambua wakakuta kwa Afrika yote kusini mwa Sahara, tangu 1900, yameandikwa mawimbi ya joto mawili tu, vifo 71. Karne na ushei! Bara zima! Yaani hata wale wa mtaa wa Mshika Daftari peke yao wangeitia aibu hiyo namba.

#14 Mbishi_wa_Likoni

71?

#15 MsomiWaMtwapa

71.

#16 Mbishi_wa_Likoni

Haya. Hapo sina la kusema. Hija ya 2024 peke yake walitangaza zaidi ya 1,300, na wengi tuliwasikia kwa sababu tu walikuwa mahujaji na kila mmoja ana watu nyumbani wanaomngoja. Tena Wasaudi wenyewe walisema wengi wao hawakuwa na vibali, kwa hiyo hawakuwa na hema la kupumzikia.

Lakini niambieni hesabu hii itafanya nini. Ukishajua wiki ile walizidi ishirini, utawafufua?

#17 NesiWaZamu

Kipindupindu kikiingia Mombasa, mgonjwa mmoja tu huripotiwa siku hiyo hiyo. Kesho yake utaona klorini, utaona vibanda vya chakula vinafungwa. Kwa nini? Kwa sababu kuna mtu anahesabu na kuna namba ikifikiwa simu inalia. Joto halina namba. Idara ya hali ya hewa itatoa onyo la joto, litasomwa redioni, wodini kwetu hakibadiliki kitu: hakuna chumvi ya ziada ya kurudisha maji mwilini, hakuna barafu, hakuna anayepiga simu kuuliza wazee wangapi wameletwa leo.

Na hujui uonye kwenye nyuzi ngapi. Wakati Sudan Kusini wanafunga skuli mwezi wa tatu 2024 walikuwa wanatarajia nyuzi 45. Ukichukua kipimo hicho ukakileta hapa, hakitalia hata siku moja, na watu wetu watakuwa wanakufa kwenye 34 na unyevunyevu. Kipimo cha Mombasa lazima kitoke kwenye vifo vya Mombasa. Ukiweka vifo vya kila siku pembeni ya joto la kila siku kwa miaka kadhaa, utaona mahali mstari unapoanza kupanda. Hapo ndipo unapoweka king'ora.

#18 DadakeChifu

Nimemsomea ndugu yangu uzi huu. Anasema kuongeza swali kwenye D2 ni kazi ya Nairobi na itachukua miaka. Lakini wahamasishaji wa afya ya jamii, wale waliopewa mikoba na simu mwaka 2023, wanapita nyumba hizo hizo. Wanamjua kila bibi mwenye presha na chumba anacholala. Wao wakiuliza maswali manne siku ya msiba, haihitaji bunge.

Akaongeza kwamba yeye hana shida kuulizwa, ila asipewe fomu nyingine ya kurasa sita 😅

#19 MamaTuktuk

Manne yapi?

#20 KaraniMstaafu

Ningekuwa mimi: Alionekana mzima mara ya mwisho saa ngapi? Amekutwa wapi, chumba kina dari au bati tupu? Palikuwa na feni, na ilikuwa inazunguka? Alikuwa peke yake?

Hilo la feni msilidharau. Kule wilaya ya Maricopa, Arizona, Marekani, mwaka 2023 mji wa Phoenix ulipitisha siku 31 mfululizo za nyuzi 43 na zaidi, na wilaya ilihesabu vifo 645 vilivyotokana na joto. Ripoti zao hutoka kila wiki msimu wa joto, hawangoji mwaka uishe. Na kwa waliofia ndani wanaandika: kiyoyozi kilikuwapo? kilikuwa kinafanya kazi? Wakakuta watu wana mashine ukutani lakini imeharibika au imezimwa. Hapo ndipo unapojua kama la kufanya ni kugawa mashine, kuzitengeneza, au kuzungumza na watu wa umeme.

#21 Mbishi_wa_Likoni

Kwa hiyo kwetu mtaandika "feni ipo, stima hakuna". Safu hiyo itajaa mpaka chini, nawaambieni mapema.

#22 MshikaDaftari

Nimekaa kimya siku tatu kwa sababu nilikuwa na kazi.

Nimezungumza na makatibu wa vyama vya maziko wa mitaa mingine miwili, na mama mmoja wa jumuiya ya kanisa huko Mikindani ambaye naye, kumbe, ana daftari lake la waliosafirishwa. Hamali, mama huyo amesema atakupigia, anataka kujua mnavyochangisha nyinyi mtu akianguka, maana ile orodha ya michango yenu ni daftari tayari. Majina hayatatoka nje. Kila Ijumaa tutapeana tarehe, umri, mwanamke au mwanamume, amefia wapi, na yale maswali manne. Karani amekubali kuzipanga. Ameniambia msimu huu haitathibitisha chochote, tunahitaji misimu kadhaa na kuangalia Ramadhani maana sasa inaangukia humo humo kwenye joto, na kwamba msajili wa vifo akitupatia hesabu za wiki bila majina ndipo itakapokuwa hesabu ya mji. Barua ya kumwomba tumeiandika. Imegongwa muhuri wa kupokelewa.

Kitu kingine. Joto linalotangazwa ni la kituo cha uwanja wa ndege, Port Reitz, kipimo kiko kivulini na upepo unapita. Nesi aliniambia ninunue kipimajoto cha ukutani. Nimenunua, nikaomba ruhusa kwa mjukuu wa yule bibi nikakitundika kwenye chumba chake, pale pale juu ya kitanda. Jana saa nane mchana nje kulikuwa 32. Chumbani 39. Saa sita usiku nikarudi nikakuta 34.

Mwenye nyumba ameshatia mpangaji mwingine, mama na mtoto wa miezi minne. Nimemwonyesha zile namba, nikamwomba apake bati chokaa juu angalau, kama wazee walivyokuwa wakipaka nyumba za mawe Mji wa Kale. Amesema ataangalia mwisho wa mwezi.

#23 MamaTuktuk

Chokaa mfuko ni bei gani siku hizi? Mimi napita huko kesho asubuhi, tuktuk ni tupu mpaka saa nne.